Kimo cha Kuazima

Jumatatu, 3 Machi 1952

Tabaka la tatu la uji na chokaa. Kitambaa cha marekani kimekaza sasa, ukikigonga kinalia kama ngoma. Mzee Fadhili, mwenye studio, anataka pazia la kupigia picha liwe tayari kabla mvua haijafunga barabara, maana wateja wa vijijini wakishazuiwa na utelezi hawaonekani studio mpaka Juni. Nimemwambia rangi haina haraka. Akasema tumbo linayo.

Tumekubaliana nichore baraza ndefu. Sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, nguzo pande mbili, mlango kwa nyuma. Kila mtu wa Lushoto akija kupigwa picha anataka asimame mbele ya kitu kilichonyooka. Milima anayo bure kwao.

Mchana nimepigilia msumari katikati ya kitambaa. Hapo ndipo mistari yote ya sakafu na nguzo itakapokutana. Uzi unafungwa kwenye msumari, unapakwa mkaa, unavutwa mpaka kwenye alama ya kigae, unapigwa mara moja. Mstari unabaki umenyooka kuliko mkono wowote. Nilijifunza kwa fundi mmoja Tanga, mchoraji wa mabango ya sinema. Nusu alinifundisha, nusu aliahidi mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata nilikuwa nimerudi kumzika Baba.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi bango la Bwana Shamba: LIMA KWA MATUTA. Herufi hazina kina, hazina taabu.

Mchana vigae. Vya mbele vipana kama sinia, vya nyuma vyembamba kama ukucha. Mistari inayokwenda mbali inatawaliwa na msumari, hiyo rahisi. Kazi iko kwenye mistari inayolala. Kila safu lazima iwe nyembamba kuliko iliyo mbele yake, lakini kwa kiasi gani? Ukikisia, sakafu inabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Dawa yake ni kupiga mstari mmoja wa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Kila mshazari unapoukata mstari unaokwenda kwenye msumari, hapo ndipo safu inalala. Hakuna kukisia.

Mzee Fadhili alirudi nyuma mpaka ukutani, akafumba jicho moja, akasema angeweza kutembea humo ndani. Mama muuza maandazi alichungulia mlangoni, akajifanya anavua viatu. Nimefurahi mpaka sasa.

Mgongo unauma. Nachora nimekaa kigodani, ndivyo nilivyozoea kwenye mabango.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Zaina kapigwa picha, wa kwanza mbele ya pazia jipya.

Zaina ni mdogo wangu. Ni mrefu. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu nyumbani hatulisemi. Wachumba wawili walikuja, wote wakaishia mahali pamoja: aliposimama kuwaletea kahawa. Wa kwanza alimwambia mtu sokoni kwamba hataki mke wa kumtazama mpaka shingo iume.

Sasa kuna wa tatu. Athumani, karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Hajamwona Zaina, wala ndugu zake hawajamwona. Mshenga ni Mzee Hoza, anayeteremsha mboga huko kila wiki. Wameomba picha kwanza.

Zaina anamtaka huyu. Aliniambia mwenyewe, tunachambua maharage, bila haya. Amechoka kuwa shangazi wa watoto wa watu. Na amesikia kwamba jioni Athumani huwasomea gazeti wafanyakazi wasiojua kusoma. Hilo limemkaa moyoni.

Mzee Fadhili alitaka akae kitini. Mama akakataa. Akikaa watauliza anaficha nini, mguu au mgongo. Mficha uchi hazai, akasema, naye akamrekebisha kanga mabegani. Basi Zaina akasimama. Uso mzuri, mikono imetulia.

Jumanne, 18 Machi

Picha imetoka. Safi kabisa. Vigae vinakwenda mpaka mbali, mwanga umelala vizuri kwenye shavu. Mama aliibusu. Mzee Hoza kaichukua leo pamoja na kabichi zake.

Jumatano, 26 Machi

Mzee Hoza karudi. Hakukaa. Mtu akikataa kiti ujue habari si njema.

Shangazi yake Athumani aliiweka picha mkekani, akawaita majirani. Wakaiangalia, wakacheka. Kisha wakampa Mzee Hoza maneno ya kuleta: Sisi tumeomba mke, hatukuomba mlingoti. Wakauliza ataingiaje nyumbani kwao, maana katika picha mlango unamfika begani.

Zaina alikuwa pale pale, na birika mkononi. Akamimina kahawa, kikombe kikajaa vizuri, hakikumwagika. Akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama kajilaza, kageukia ukutani.

Nina hasira na watu wa Muheza. Watu wa nyika hawajui kuangalia picha. Mlango uko mbali, ndiyo maana ni mdogo. Hata mtoto anajua.

Ijumaa, 28 Machi

Si hivyo.

Nimemwomba Mzee Fadhili nakala nyingine. Nimeikalia asubuhi nzima. Mlango uko mbali, sawa. Lakini vigae vinaonyesha uko mbali kiasi gani, ndiyo kazi yake. Nimeufuata mstari kutoka miguuni pa Zaina mpaka kizingiti cha chini, nikafuata mwingine kutoka kichwani mwake mpaka huko huko nyuma. Angetembea juu ya sakafu yangu mpaka mlangoni angefika na kichwa juu ya paa. Wamesoma nilichoandika. Zaina ni mrefu, ila si jitu.

Wapi nimekosea? Msumari uko katikati. Uzi ulikuwa mkavu. Mshazari sahihi. Nimevipima vigae vyote tena. Sioni kosa. Nasikia aibu na sijui ya nini hasa.

La kukera zaidi: fundi viatu wa sokoni, mfupi yule, kasikia habari, kaja kupigwa picha mbele ya pazia hilo hilo. Kafurahi mno. Kesho anakuja shemeji yake. Wamelipa jina: pazia la kukuza.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeteremka Mombo na lori. Mama aliniuliza nafuata nini, nikasema reli. Alidhani nimechanganyikiwa.

Kwetu njia zote zina kona. Mtu akitaka kuona mistari miwili ikikimbia sambamba bila kupinda, lazima ashuke bondeni. Nikasimama katikati ya mataruma, nikatazama upande ambao reli imenyooka. Inakutana mbali kabisa, kama pazia langu.

Halafu nikaona. Watu walikuwa wakitembea kando ya reli. Mwanamke na mzigo wa kuni, karibu. Wanaume wawili, mbali. Mwingine, mdogo kama punje ya mchele, mbali sana. Miguu yao ilikuwa mahali tofauti, lakini macho yao wote yalikuwa kwenye mstari mmoja, na mstari huo ulipita pale pale reli zinapokutana. Na macho yangu nayo.

Nikakaa kwenye reli. Mstari ukakaa pamoja nami. Sasa ulipita viunoni mwao. Wote wakawa majitu.

Nikasimama, wakarudi watu. Nikakaa, majitu. Msimamizi wa stesheni akanifokea niondoke kwenye reli. Nilimwamkia shikamoo nikicheka, akazidi kukasirika.

Ndivyo nilivyomchora Zaina. Nilichora nimekaa kigodani, msumari nikaupigilia usawa wa macho yangu, kisha mlango nikauchora kana kwamba macho hayo ni ya mtu aliyesimama. Zaina akaja akasimama mbele, mstari ukampita kiunoni.

Na kwa nini Lushoto nzima haikuona? Kwa sababu huku aliye mbali yuko kilimani juu yako au bondeni chini yako. Macho hayapati mstari mmoja. Muheza wana uwanda, wanaujua mstari huo tangu utotoni. Mimi nilidhani upeo ni mahali ardhi inapoishia. Kwetu ardhi inaishia juu, kileleni, na haisogei hata ukikaa, hata ukilala. Kumbe upeo ni wa macho. Neno lenyewe linasema hivyo. Nimelitamka maisha yangu yote sijalisikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Mzee Hoza anasema mlango wa Muheza haujafungwa kabisa. Athumani mwenyewe hakucheka. Amewaambia wakubwa labda picha ina kasoro. Wako tayari kuangalia nyingine. Moja tu.

Mama naye kachachamaa: nao walete ya kwao. Mwanamume haonekani kwa habari za magazeti. Mzee Hoza kakubali kufikisha.

Nimeanza marekani mpya. Mvua inanyesha kutwa, uji haukauki.

Jumatano, 16 Aprili

Safari hii nimesimama. Msumari usawa wa macho ya mtu wa kawaida. Mlango nimeupima kwa mlango wa kweli wa studio. Kila kitu sawa.

Nikamwita Zaina ajaribu kusimama. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho. Sahihi kabisa. Na bado mrefu. Macho yake yako juu ya mstari, kichwa kinakaribia kizingiti cha juu. Picha ya kweli ya mwanamke mrefu. Watacheka tena.

Alinisoma usoni. Akauliza kama kuna taabu. Nikasema mwanga hautoshi, arudi kesho kutwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimefanya.

Nimeng'oa msumari, nimeupandisha shibiri moja na zaidi kidogo, mistari nikaichora upya. Sasa mstari unapita juu ya kichwa cha Zaina. Sakafu inainuka, nguzo zinarefuka, mlango umekuwa wa jumba la liwali. Zaina kasimama mbele yake, mwanamke wa kimo cha wastani. Hata ukitazama kwa makini unamwona binti yeyote wa Shambaai kwetu.

Mzee Fadhili alitoa kichwa kwenye kitambaa cheusi, akanitazama muda mrefu. Anajua. Akasema kazi ya studio ni kumpendeza mteja. Sijui alinisifu au alinitukana.

Mama kalia kwa furaha alipoiona. Zaina kaitazama, kairudisha, kasema asante kaka. Basi.

Najisikia fundi. Nasema kweli. Kwa shibiri moja nimefanya ambacho dua za Mama hazikufanya.

Jumatano, 30 Aprili

Wamekubali! Shangazi mtu kasema kumbe binti ni wa kawaida tu, ile ya kwanza ilikuwa mzaha wa mpiga picha. Watakuja kutoa posa baada ya Ramadhani. Na picha ya Athumani itakuja, ameahidi.

Tumechinja jogoo. Zaina kala kidogo. Mama kamtania kwamba ameshaanza kujibana ili kanga zimtoshe.

Jumanne, 6 Mei

Sina raha, na sijui kwa nini. Nimechora mabango mawili, yote nimekosea herufi. Nikimwona Zaina anapita mlango wa jikoni, anainama. Kila siku anainama, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Zamani sikuwa nauona mlango huo. Siku ya harusi atainama mbele ya shangazi mtu, halafu? Njia ya mwongo ni fupi. Niliisema methali hiyo kwa wengine mara nyingi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo sijui nianzie wapi.

Kaingia mtu studio, kalowa, mkoba wa ngozi kifuani chini ya koti. Kanifika begani. Sauti nzuri, adabu nyingi. Akasema ametoka Muheza kwa ajili ya pazia. Pazia lipi? Lile la kukuza. Kule kwao kila mtu amelisikia, kwa sababu ya picha moja ya binti iliyowachekesha. Yeye anataka asimame mbele yake.

Mzee Fadhili kamuuliza kwa nini. Akacheka kidogo, akaona haya. Anaoa. Watu wa bibi arusi wanataka picha yake, naye ni mfupi, kama mnavyoona. Mwenyewe amemwona mchumba wake pichani, ni binti wa kimo cha wastani. Hataki aonekane mdogo mbele yake kabla hajapata nafasi hata ya kuzungumza naye. Akaitoa picha hiyo mfukoni, ameifunga kwenye leso safi. Zaina wangu, chini ya mlango wa liwali.

Damu ilinipanda. Nusura nimshike shati. Mtu mzima anasafiri na lori katika matope kuja kumdanganya dada wa watu! Nilitamani nimwambie maneno makali. Nyani haoni kundule. Langu nililiona nikiwa tayari nimefungua mdomo.

Nikaufunga. Nikasema pazia lina unyevu, arudi Jumatatu. Anakaa kwa jamaa yake karibu na msikiti. Aliondoka akishukuru. Mzee Fadhili alianza kufuta vioo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia Zaina yote. Msumari wa kwanza, msumari wa pili, na bwana mfupi mwenye leso. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha.

Aliponijibu alisema alikwisha jua. Siku ile ile alipoiona picha alijua. Alijiona kama mtu anayetazamwa kutoka darini. Alinyamaza kwa sababu alimtaka Athumani, na alidhani atapata namna ya kueleza baadaye. Usiku hapati usingizi.

Kisha kasema maneno nitakayoyaandika kama yalivyo, nisije nikayapunguza. "Picha ya kwanza ulikaa chini ukanitazama. Ya pili ukapanda juu ukanitazama. Hujasimama mbele yangu hata mara moja, kaka."

Nilichukua kisu kingine, tukamenya pamoja mpaka karai likajaa.

Baadaye aliuliza huyo bwana anafika wapi. Nikamwonyesha begani pangu. Akajipima na mimi kwa macho. Akauliza tena, alipoomba pazia alikuwa anacheka au anaona haya? Nikasema vyote viwili.

Jumatatu, 12 Mei

Athumani kaja mapema. Nimemwambia mimi ni nani kwa bibi arusi. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Nikamweleza habari ya misumari, na kwamba Zaina ni mrefu, hivi. Nikainua mkono juu ya kichwa chake. Alifuata mkono wangu kwa macho mpaka juu.

Mvua juu ya bati. Nilijua nimeua ndoa ya mdogo wangu, na nilijua itakuwaje nyumbani: Mama ukutani, Zaina na majani ya ng'ombe.

"Kumbe na nyinyi mlikuwa mnaazima," akasema. Akacheka, lakini si sana. Akauliza Zaina anajua kama yeye ni mfupi. Nikasema anajua tangu jana. Anasema nini? Nikasema aliuliza tu kama ulikuwa unacheka.

Akafikiri. Akasema basi apigwe alivyo. Tukaondoa mapazia yote, ukabaki ukuta mtupu wa chokaa. Mzee Fadhili kalalamika kwamba picha kama hizo ni za kitambulisho, si za studio. Nikashusha miguu ya kamera mpaka jicho lake likawa usawa wa macho ya Athumani. Akatoka sawasawa, mtu mfupi mwenye uso wa kuaminika.

Mchana, Athumani akiwa amekwisha ondoka, nikamleta Zaina. Ukuta ule ule. Nikapandisha kamera usawa wa macho yake. Mimi mwenyewe nilipanda sanduku kuangalia. Ni mara ya kwanza nimemwona mdogo wangu uso kwa uso tangu tukiwa watoto.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee Hoza kachukua picha ya Zaina kwenda nayo Muheza. Nimemwambia ukweli wote. Alitikisa kichwa, akasema katika ushenga wake ameona mbuzi wa kuazima, koti la kuazima, hata mjomba wa kuazima. Kimo bado.

Mama hazungumzi nami. Anasema niliwashibisha, kisha nikawatapisha.

Alhamisi, 29 Mei

Tunafunga. Hakuna habari. Mzee Hoza anasema nyumba ya Muheza imegawanyika, shangazi mtu hataki kusikia. Athumani anakwenda kazini na kurudi, hasemi.

Picha ya Athumani iko nyumbani, Mama aliiweka chini ya msahafu ili asiione. Juzi nimeikuta imehamishwa. Iko jikoni, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, anapopika Zaina.

Jumatano, 11 Juni

Baridi imeshuka, ukungu mpaka adhuhuri. Hakuna habari. Naogopa. Nikimtazama Zaina naona nimemwondolea mambo mawili, uongo na mume, na sijui kama anayahesabu kuwa sawa. Kazi haiendi. Mzee Fadhili ananiuliza pazia la tatu litakuwa la nini, namwambia sijui.

Alhamisi, 26 Juni

Wamekuja.

Athumani, baba yake mdogo, na wazee wawili. Shangazi hakuja. Tulipowaona wanapanda kilima Mama alikimbilia ndani kubadili kanga, akazivaa ndani nje.

Zaina kaleta kahawa. Aliinama mlangoni, kisha akanyooka wima mbele ya wageni, mpaka mwisho. Hakupunguza hata kidole. Wazee wakamwangalia. Baba mdogo wa Athumani alikohoa. Athumani aliinua uso kumtazama, akapokea kikombe, akasema ahsante. Uso wake haukuonyesha kwamba ameona kasoro yoyote.

Wakatoa posa. Tukapokea.

Baadaye, nje, Athumani alinisimulia. Shangazi alimuuliza: mkeo utamwangalia kwa ngazi? Akamjibu kwamba ghalani kwake anapanda ngazi kila siku na hajawahi kuanguka. Shangazi kanuna. Atakuja siku ya harusi, anapenda pilau.

Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Hakuna aliyeniona isipokuwa ng'ombe.

Jumanne, 8 Julai

Athumani kaja leo. Wanataka picha ya harusi, wote wawili. Mzee Fadhili ana desturi yake: bwana kitini, bibi amesimama nyuma, mkono begani. Zaina akisimama nyuma ya Athumani aliyekaa, itakuwa mnara na kisima. Mzee kapendekeza kinyume chake, bibi akae, bwana asimame, watalingana. Athumani kakiondoa kiti mwenyewe. Watasimama wote.

Sasa pazia. Taabu ni msumari. Upeo ni wa jicho moja tu. Nikiuweka usawa wa macho ya Athumani, Zaina anapaa. Nikiuweka usawa wa Zaina, Athumani anazama. Katikati hapana mtu. Nilizunguka na nyundo mkononi mpaka Mzee Fadhili akasema nimfanyie hisani nimpige nayo.

Nikawauliza wenyewe. Zaina kasema nichague ninavyoona haki. Athumani akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: picha ataitazama nani?

Wao watakuwa Muheza, watakuwa wanatazamana wenyewe. Picha itabaki kwa Mama.

Nikamwita Mama studio. Nikamsimamisha mbele ya marekani tupu, mgongo wake ulivyopinda, nikamwambia atazame mbele. Nikapigilia msumari pale macho yake yalipofika. Chini sana. Akaniuliza namfanyia nini, nikasema nakupima macho. Akasema anaona vizuri, ahsante.

Jumapili, 27 Julai

Harusi imepita. Wameondoka Jumatatu na lori la Mzee Hoza. Nyumba kimya, ng'ombe anakatiwa majani na mimi.

Leo nimetundika picha. Mlango sikuchora safari hii. Sakafu tu inakwenda mbali, na milima yetu nyuma, kwa mara ya kwanza. Zaina mrefu, Athumani mfupi, hakuna asiyeona. Lakini mstari unampita Athumani kifuani na Zaina kiunoni, maana ndivyo Mama anavyoona dunia, na vichwa vya wote wawili viko juu ya milima.

Mama aliitazama muda mrefu, amesimama pale pale nilipomwonyesha. Akasema Athumani kumbe ni mrefu. Kisha akasema Zaina angefunga vizuri kitambaa cha kichwa, na akaenda kuchochea moto.